Mungu wa Waturuki wa Kale na Mungu Tunayemsadiki



Katika mafundisho ya dini swali moja hurudi mara kwa mara, na mara nyingi waulizao ni watoto: wale watu walioishi na kufa bila kusikia jina la Yesu Kristo, je, walimjua Mungu? Mzazi akijibu upesi "hapana", amekosa. Akijibu upesi "ndiyo, walimjua sawa na sisi", amekosa pia. Jibu la haki lataka tuwatazame watu fulani hasa, tusikilize waliyoyasema wenyewe, kisha tuyapime kwa mafundisho ya Kanisa.

Wiki hii twawachukua Waturuki wa kale. Isidhaniwe kuwa twasema juu ya Masultani wa Istanbul, maana hao walikuja karne nyingi baadaye, nao walikuwa Waislamu. Twasema juu ya wafugaji wa farasi na kondoo waliotawala nyika za Asia ya kati, na ambao makao yao makuu yalikuwa katika bonde la mto Orkhon, nchi iitwayo leo Mongolia. Tumewachagua kwa sababu moja. Mataifa mengi ya kale twayasikia kwa vinywa vya adui zao au vya wasafiri tu. Lakini hawa walichonga imani yao katika mawe, kwa lugha yao na kwa hati yao wenyewe.

Dola yao ya kwanza iliasisiwa mwaka 552 na mfalme Bumin, na wafalme wao waliitwa kagani. Baada ya miaka karibu themanini ilivunjika, wakatawaliwa na Wachina miaka hamsini, kisha mwaka 682 mtu mmoja aitwaye Ilterish akaiinua tena. Wanawe wawili, Bilge aliyekuwa kagani na mdogo wake Kül Tigin aliyekuwa jemadari, ndio ambao mawe yao yamesalia. Kül Tigin alifariki mwaka 731, na mwaka uliofuata kaka yake akamsimamishia jiwe lenye urefu wa zaidi ya mita tatu. Jiwe la Bilge mwenyewe lilisimamishwa mwaka 735. Maneno ya mawe hayo yalichongwa kwa mkono wa jamaa yao, Yollug Tigin. Hati yao ilisahauliwa kabisa duniani hata mwaka 1893, alipoifumbua mtaalamu Mdenishi, Vilhelm Thomsen. Neno la Mungu lilikuwa miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa aliyoyasoma.

Neno hilo ni Tengri.

Tengri lilikuwa na maana mbili kwa pamoja: mbingu hii ya buluu tunayoiona kwa macho, na Yeye aliye juu, atawalaye. Sisi tusemao Kiswahili tuna nafuu, kwa kuwa Mungu na mbingu kwetu ni maneno mawili. Lakini Wachaga, ambao jina lao la Mungu, Ruwa, ndilo pia jina la jua, wataelewa upesi jinsi neno moja liwezavyo kuchukua mizigo miwili. Tena tusijivune mno. Mtoto anayesali Baba Yetu aweza kukua akidhani kwamba Mungu ana nyumba juu ya mawingu, kama hakuna aliyemweleza kuwa mbingu ya sala hiyo si mahali, bali ni utukufu wa Mungu mwenyewe.

Mawe yaanza kwa kutaja kwamba mbingu ya buluu juu na nchi ya rangi ya udongo chini zilipofanywa, wanadamu walifanywa kati ya hizo mbili. Tuangalie vitenzi: zilifanywa, walifanywa. Aliyefanya hatajwi. Theophylact Simocatta, mwandishi wa historia wa Bizanti, aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 7, asimulia kwamba Waturuki waliheshimu moto, hewa na maji, wakaiimbia nchi, lakini waliyemwabudu na kumwita Mungu alikuwa yule tu aliyefanya mbingu na nchi, wakamtolea sadaka za farasi, ng'ombe na kondoo. Huo ni ushuhuda mkubwa. Lakini mwandishi alikuwa Mkristo, na huenda masikio yake ya Kikristo yalikamilisha sentensi ambayo Waturuki wenyewe waliiacha wazi.

Hapa Kanisa lina neno la kusema, na si neno la dharau. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, tarehe 24 Aprili 1870, ulifundisha kwamba akili ya binadamu, kwa nuru yake ya asili, yaweza kumjua Mungu kwa hakika kwa kuvitazama viumbe vyake. Ndivyo Mtume Paulo alivyowaandikia Warumi, na ndivyo alivyowaambia wapagani wa Listra walipotaka kumchinjia fahali: kwamba Mungu hakuwaacha bila shahidi, kwa kuwa aliwapa mvua na majira ya mavuno. Mchungaji wa nyika, aliyelala usiku chini ya anga lisilo na mwisho na kuamka asubuhi akielekeza mlango wa hema lake mashariki, alipewa shahidi huyo. Alimsikia. Pale alipokwama ni hapa: hakuweza kusema kwa hakika kama anga ni kazi ya Mungu au ni Mungu mwenyewe. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 wasema wazi kwamba Mungu aliumba vyote bila kutumia kitu, vinavyoonekana na visivyoonekana. Basi mbingu ni kiumbe, kama panzi alivyo kiumbe.

Twafika sasa kwenye jambo lenye uzito kuliko yote.

Waturuki waliamini kwamba Tengri humpa mtu *kut*. Neno hili ni gumu kulifasiri. Ni baraka, ni nguvu ya uhai, ni bahati, tena ni haki ya kutawala. Ilterish kabla ya kuwa kagani aliitwa Kutlug, maana yake "mwenye kut". Vitabu vya Wachina vyasimulia jinsi kagani alivyosimikwa. Wakuu walimwinua juu ya kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa, wakamzungusha mara tisa kwa kufuata mwendo wa jua, na kila mzunguko watu wakasujudu. Wakampandisha farasi. Kisha wakamkaba shingo kwa kitambaa cha hariri mpaka akakaribia kuzimia, wakamlegezea na kumwuliza hapohapo: utatawala miaka mingapi? Alichokitamka katika kizunguzungu kile kilichukuliwa kuwa ndio muda aliopewa. Msomaji asicheke. Waliamini kwamba ufalme hautoki kwa mtu, na kwamba mfalme anayepumua kwa shida ndiye asemaye kweli. Si wazo baya.

Lakini ilijulikanaje kwamba fulani anayo *kut*? Kwa kushinda. Jiwe lasimulia kwamba Ilterish alitoka na watu 17. Wakawa 70, kisha 700. Kwa kuwa Tengri alitia nguvu, askari zake wakawa kama mbwamwitu, na adui zao wakawa kama kondoo. Aliyesoma kitabu cha Waamuzi atamkumbuka Gideoni. Lakini safari ya Gideoni ilikwenda kinyume: alianza na watu 32,000, na Mungu akawapunguza hata wakabaki 300, ili Israeli wasije wakasema mkono wetu ndio uliotuokoa. Na aliyesoma Injili atakumbuka jambo la ajabu zaidi. Bwana wetu naye alitaja mbwamwitu na kondoo alipowatuma wanafunzi wake, ila yeye aliwatuma wao wawe kondoo.

Sijui mahali pengine ambapo dini mbili zatengana kwa mfano mmoja namna hii.

Kutengana huko kulifika siku moja hadi mezani pa Baba Mtakatifu. Wamongoli, waliorithi kutoka kwa Waturuki nyika zile na jina lile la Tengri, walikuwa wameziangamiza Hungaria na Polandi mwaka 1241. Papa Inosenti wa Nne akamtuma Mfransisko mzee, Yohane wa Plano Carpini, kupeleka barua ya kulalamikia mauaji ya Wakristo. Mwaka 1246 mfalme wao Güyük akajibu. Barua hiyo ya Kiajemi iligunduliwa mwaka 1920 katika hifadhi ya nyaraka za Vatikano, na maneno ya kuifungulia ni ya Kituruki, yakitaja nguvu ya Tengri wa milele. Hoja yake yasimama imara, kama mtu akikubali msingi wake. Nchi zote tangu maawio ya jua hadi machweo yake zimewekwa mikononi mwetu. Mtu angewezaje kuua na kuteka kwa nguvu zake tu, bila amri ya Mungu? Kisha amwuliza Papa: wewe wajuaje ni nani Mungu amsameheye na amhurumiaye?

Swali hilo ni zito, nasi tusilikwepe kwa kusema tu kwamba Güyük alikuwa mkatili. Ikiwa ushindi ni alama ya upendo wa Mungu, basi Güyük alikuwa na haki, na wajane wa Hungaria walikuwa wamelaaniwa. Kanisa halina jibu lingine ila Msalaba. Siku ya Ijumaa Kuu Mwana mpenzi wa Baba alishindwa mbele ya macho ya watu wote. Walioshinda ni Pilato na askari zake. Na hakuna saa ambayo Baba alipendezwa naye kuliko saa ile. Mkristo akilisahau hilo hana la kumjibu Güyük.

Nasi twalisahau. Mazao yakija vizuri, mtoto akifaulu mtihani, duka likipata wateja, twasema Mungu yu pamoja nasi, na ni halali kumshukuru. Lakini mtoto akifa, au baba akiachishwa kazi, jirani huanza kunong'ona kwamba nyumba ile ina jambo, na wenye nyumba wenyewe husema Mungu ametuacha. Hiyo ni dini ya *kut*, ijapokuwa imeshika rozari mkononi. Kitabu kizima cha Ayubu kiliandikwa kuivunja hesabu hiyo, na rafiki zake Ayubu walioitetea ndio waliokemewa na Mungu.

Ni haki kuongeza kwamba Bilge hakuiona *kut* kuwa ni kwa ajili ya tumbo lake. Asema kwamba aliwakuta watu wake wana njaa na wako uchi. Kwamba hakulala usiku wala hakustarehe mchana kwa ajili yao. Kwamba waliokuwa uchi aliwavika, maskini akawatajirisha, wachache akawaongeza. Atakayelinganisha maneno hayo na matendo ya huruma tuliyofundishwa katika Katekisimu ataona kwamba dhamiri ya mtawala huyu ilikuwa hai. Wako wakuu waliobatizwa wasioweza kuandika hivyo juu ya makaburi yao bila watu kucheka. Kasoro ni kwamba huruma hiyo ilikomea mpakani. Tengri kwenye mawe hayo huitwa hata Tengri wa Waturuki. Aliwainua Ilterish na mkewe Ilbilge ili taifa lile lisipotee. Juu ya mataifa mengine hakuna neno, ila hesabu ya walioshindwa.

Mwaka 734 Bilge alilishwa sumu na mmoja wa wakuu wake mwenyewe. Mwaka 744 Wauyghuri wakaishika dola. Taifa ambalo Mungu wake ni mungu wa ushindi laweza kusema nini siku hiyo? Manabii wa Israeli walikuwa na la kusema Yerusalemu ilipochomwa na Wababeli, kwa sababu walikuwa wamekwisha kufundisha kwamba Mungu wao ni Mungu wa Wababeli pia.

Juu ya Umay tuseme kwa ufupi, maana hapa pana hatari ya kulinganisha ovyo. Umay alikuwa mlinzi wa akina mama na watoto wachanga. Bilge amtaja mama yake kuwa mfano wa Umay, na hayo ni maneno mazuri ya mwana kwa mama. Mtaalamu Mahmud wa Kashgar, aliyetunga kamusi ya Kituruki katika karne ya 11, aeleza kwamba *umay* lilikuwa pia jina la kondo la nyuma, litokalo baada ya mtoto kuzaliwa. Wako waandishi wanaosema kwamba Wakatoliki nao wana Umay wao, yaani Bikira Maria. Wamekosa. Maria ni kiumbe, binti wa Nazareti, aliyekombolewa na Mwanawe. Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ulimwita Mama wa Mungu ili kuilinda imani yetu juu ya Yesu, si kumweka Maria kando ya Mungu. Na Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulitenga wazi heshima tuwapayo watakatifu na ibada ambayo ni ya Mungu pekee. Lililo sawa pande zote mbili ni hofu ya mwanamke katika saa ya kujifungua, na hiyo haina dini.

Juu ya mauti, Waturuki walikuwa na neno ambalo naliona jema kupita yote. Mkuu alipokufa hawakusema amekufa. Walisema ameruka, kama ndege. Lakini jiwe la Kül Tigin laonyesha jinsi neno hilo lilivyokuwa na faraja ndogo. Bilge asema kwamba macho yake yaonayo yakawa kama hayaoni, na akili yake ijuayo ikawa kama haijui. Machozi yalimjia, akayazuia. Alihofia kwamba jamaa na watu wake wangeyaharibu macho yao kwa kilio. Kisha asema kwamba muda hupangwa na Tengri, na wanadamu wote wamezaliwa ili wafe. Ni hayo tu. Mahali ambapo Bilge aliishia, Martha wa Bethania naye alisimama mbele ya kaburi la kaka yake. Tofauti ni Nani alikuja kusimama naye.

Desturi za maziko zilikuwa kali. Wachina waliandika kwamba jamaa walilizunguka hema la maiti mara saba juu ya farasi, na kila walipofika mlangoni walijikata nyuso kwa visu, damu na machozi vikatiririka pamoja. Kando ya kaburi walisimamisha mawe yaitwayo *balbal*, yanayotajwa kuwa ni adui ambao marehemu aliwaua. Mkatoliki naye huenda makaburini mwezi wa Novemba, naye haendi mikono mitupu: apeleka Misa na sala kwa roho zilizo toharani. Lakini mtu akifika kwenye kaburi la baba yake na kukumbuka wale ambao baba aligombana nao, afanye nini? Waturuki waliwasimamisha kama mawe. Kanisa lataka tuwaombee katika Misa ileile.

Yabaki mambo ya nchi na maji, moto na waganga. Waturuki waliita nchi yao na maji yake vitakatifu. Balozi wa Bizanti aitwaye Zemarchus, alipofika kwao karibu mwaka 569, alipitishwa penye moto ili atakaswe kabla ya kuonana na mfalme. Sisi nasi twabariki moto na maji katika Mkesha wa Pasaka. Ila moto huo haututakasi kwa nguvu yake, wala maji hayana roho yake. Ni viumbe vinavyotumwa kazi na Bwana wao.

Theophylact atupa kisa kingine, nami nakiona kama kiliandikwa kwa ajili ya nyumba zetu. Mwaka 591 Waturuki kadhaa walitekwa vitani huko Uajemi, wakapelekwa kwa Kaisari Maurice. Watu walishangaa kuona wana alama ya msalaba, imechanjwa kwa wino mweusi kwenye paji la uso. Walipoulizwa walijibu kwamba zamani tauni iliingia nchini kwao, na Wakristo fulani wakawashauri akina mama wawachanje watoto alama hiyo. Akina mama wakafanya, watoto wakapona. Basi hao walikuwa wamebeba msalaba tangu utotoni bila kumjua aliyetundikwa juu yake.

Tuwaonee huruma, wala tusiwahukumu akina mama wale, ambao walitafuta uhai wa watoto wao kwa njia waliyoonyeshwa. Lakini mama aliyebatizwa, ambaye amfunga mtoto rozari shingoni upande mmoja na hirizi ya mganga upande wa pili, ili kinga moja ikishindwa nyingine isaidie, yeye amjua aliyetundikwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yakataza hirizi waziwazi, na yaonya pia kwamba hata sala na alama takatifu huweza kugeuzwa kuwa ushirikina, mtu akizitegemea kwa umbo lake tu, bila imani na moyo mwema. Wazazi wapenzi, onyo hilo la pili ndilo tunalolisahau.

Je, Kanisa lilipofika kwa Waturuki, lililifanyia nini jina la Tengri? Lililichukua. Kuna kitabu kilichohifadhiwa Venisi, chenye tarehe ya mwaka 1303, kiitwacho Codex Cumanicus. Ndani yake watawa, wengi wao Wafransisko, waliandika sala na nyimbo kwa lugha ya Wakumani, Waturuki wa nyika zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi. Mungu humo ni Tengri. Roho Mtakatifu aitwa kwa maneno yenye maana ya pumzi iliyo safi. Mbinguni paitwa *uchmak*. Neno hilo lilitoka kwa Wasogdi, lakini katika masikio ya Waturuki lilifanana na neno lao la kuruka. Hivyo marehemu waliokuwa wakiruka pasipo kujulikana waendako wakapata mahali pa kutua.

Kabla yao lilitangulia Kanisa la Mashariki, ambalo wengi waliliita la Wanestori. Karibu mwaka 1007 Wakereit, watu wa nyika hizohizo, waliomba ubatizo, na askofu wa Merv akamwandikia Patriarka wake swali ambalo mwalimu yeyote wa dini kijijini atalielewa. Watu hawa hawana nafaka, chakula chao ni nyama na maziwa. Kwaresima wafunge nini? Patriarka akajibu waache nyama, na maziwa wanywe. Yesu hakuja kuwaua kwa njaa wafugaji.

Mwaka 1281 Mturuki wa kabila la Waongut, mtawa aitwaye Marko, alichaguliwa kuwa Patriarka wa Kanisa hilo. Mwenzake na mwalimu wake, Rabban Sauma, mzaliwa wa nchi ya China, alitumwa Ulaya, na mwaka 1288 akaadhimisha Misa mjini Roma kwa ruhusa ya Papa Nikolao wa Nne. Watu waliokusanyika kuona walifurahi, wakasema lugha ni nyingine lakini Misa ni ileile. Siku ya Jumapili ya Matawi akapokea Komunyo mkononi mwa Papa mwenyewe. Na Mfransisko Yohane wa Montecorvino, aliyeandika kutoka Khanbaliq, yaani Beijing, mwaka 1305, aeleza jinsi alivyompokea mfalme George wa Waongut katika Kanisa Katoliki, na jinsi walivyokusudia kuitafsiri Liturjia ya Kilatini yote. Mfalme alipokuwa hai, Padre huyo alisoma Misa katika kanisa lake kwa lugha na hati ya wenyeji. Mfalme akafa mapema, karibu mwaka 1298, akiacha mtoto mdogo aliyeitwa Yohane kwa heshima ya mmisionari. Ndugu zake wakawarudisha watu walikotoka. Kazi ya miaka mingi ilivunjika kwa kifo cha mtu mmoja. Kwa hesabu ya *kut*, Tengri alimkataa Montecorvino. Yeye hakuhesabu hivyo. Alibaki hukohuko hadi kufa kwake.

Miaka zaidi ya mia sita ilipita. Mwezi wa Januari 1936, katika kanisa kuu la Roho Mtakatifu mjini Istanbul, mjumbe wa Baba Mtakatifu aliagiza sifa za Mungu zisomwazo baada ya baraka ya Sakramenti Kuu zisomwe kwa Kituruki. Neno lililotumika kwa Mungu ni Tanrı, ambalo ndilo Tengri ya mawe ya Orkhon katika matamshi ya leo. Baadhi ya waamini walichukizwa wakatoka nje. Mjumbe huyo alikuwa Askofu Mkuu Angelo Roncalli. Mwaka 1958 akawa Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, na mwaka 1962 akaufungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Ni Mtaguso huo uliotuwezesha sisi kuisikia Misa kwa Kiswahili, na uliofundisha katika hati zake za mwaka 1965 kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine, bali latambua ndani yake mbegu za Neno.

Mawe ya Bilge na ya ndugu yake yangali katika mkoa wa Arkhangai. Katika mkoa wa jirani, mjini Arvaikheer, wako wamisionari wa Konsolata, waliofika Mongolia mwaka 2003. Ni shirika lilelile lililofika Kenya mwaka 1902 na Iringa mwaka 1919. Wakatoliki wa nchi hiyo wote walikuwa kama elfu moja na mia tano hivi Papa Fransisko alipowatembelea kuanzia tarehe 31 Agosti 2023. Kanisa lao kuu, la Watakatifu Petro na Paulo mjini Ulaanbaatar, limejengwa kwa umbo la hema la duara, kama yale ya sufu iliyoshindiliwa ambayo wafugaji wa nyika hizo hulala ndani yake hata leo.